Barua kwa mwanangu: kabla hujaikata doti

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza na mama yako, tukacheka. Binti wa fundi, uliyekulia chini ya meza ya kukatia hapa Ngamiani ukiokota vifungo, leo ndiyo unauliza kipochi kinaanziwa wapi! Lakini nimefurahi. Unataka kuwashukuru wanawake waliosimama nawe harusini, kuanzia kungwi wako hadi wale waliokesha na masufuria, na hutaki kuwapa vitu vya dukani. Cherehani ya kuazima inatosha, mradi inyooshe mshono. Haya mambo kwenye simu hayaelezeki, ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Mafundi wenzangu watakuambia ushone kwa kitenge, na hawajakosea. Ni kizito kidogo na hakikusumbui mashineni. Ila wewe ni mtoto wa Tanga na zawadi yenyewe ni ya harusi, kwa hiyo mimi nasema kanga. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja mita moja na nusu hivi kwa mita moja na ziada. Kwa upande wa nje tu, utatoa vipochi zaidi ya ishirini.

Tatizo ni kwamba kanga inasomwa. Shangazi zako unawafahamu: ukiwapa kitambaa chenye maneno, watayasoma kabla ya kukushukuru, na yakiwa ya mafumbo, kila mmoja atajiuliza kama fumbo ni lake. Na kipochi ni kidogo, jina, yaani hayo maneno, halienei. Ukikata bila kuangalia, "Nani kama mama" inabaki "Nani kama", halafu unampa nani hiyo? Kwa hiyo kata jina lote kwanza, uweke kando. Maneno mafupi, kama "Wema hauozi", unaweza kuyashona ndani, kwenye bitana, kwa mistari miwili ikibidi. Kwa kungwi wako ningefanya hivyo. Asione mtu mwingine. Aone yeye kila akitafuta nauli.

Nje tumia mji, ile sehemu ya katikati ya kanga. Kama una michoro ya korosho kubwa au maua makubwa, kata kiolezo cha karatasi, kizungushe juu ya kanga mpaka ua likae katikati, ndipo upige chaki. Utapoteza kitambaa kiasi, usijali. Kipochi chenye nusu ua kinaonekana kimeshonwa na mtu mwenye haraka. Pindo nalo, ule ukanda wa pembezoni, usilitupe, linafaa kwa kamba za mkononi.

Ukitaka kukwepa hesabu hizo, nunua kisutu, ile kanga ya harusi. Nakshi zake ni ndogondogo na zimejaa, hata ukikata upande gani zinakaa sawa, na ule wekundu, weusi na weupe kila mwanamke aliyekuwepo atajua ni wa harusi gani. Lakini nunua kingine. Kile ulichovishwa wewe usikiguse na mkasi, hata kama kimelala sandukuni. Hapo sina mjadala.

Mama yako, kama unavyomjua, ananuna mtu akikata kanga mpya. Mimi humkumbusha asili yake. Husimuliwa kwamba zamani, katika karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso za Wareno, vile vitambaa vya mkononi vilivyouzwa kwa jora, wakivikata vitatu vitatu na kuunganisha safu mbili kupata vazi moja. Kanga imezaliwa na sindano na vipande. Na pochi pia ilianzia humo humo: bibi yako hela zake zote zilikuwa kwenye fundo la kanga, na ukimwomba shilingi ilibidi usubiri alifungue kwa meno. (Hajakubali bado, mama yako.)

Sasa kazi. Fua kanga kabla ya kukata. Mpya ina wanga na itarudi, yaani itapungua, na nyekundu huchuja. Suuza mpaka maji yatoke safi, la sivyo bitana nyeupe itageuka waridi. Kisha piga pasi. Kwa kila kipochi kata vipande viwili vya nje na viwili vya bitana, inchi 9 kwa inchi 7. Kanga ni nyepesi, peke yake italegea kama soksi, kwa hiyo iongezee nyuma kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi. Usipokipata huko, kata suruali kuukuu ya kaki ya mumeo, umwombe kwanza. Sindano namba 14 inatosha. Ukitumia kaki, weka namba 16.

Zipu tumia ya nailoni, ile ya kupimiwa kwa mita, na vichwa vyake mbali. Ya chuma ni nzuri kwa macho, lakini sindano ikigonga jino inavunjika, na wewe bado mkono haujazoea. Iache iwe ndefu kuliko kitambaa, kichwa ukisogeze pembeni kisikuzuie.

Laza kanga uso juu. Zipu iwe juu yake uso chini, halafu bitana uso chini. Zipu imebanwa katikati, kingo tatu ziko pamoja. Shona robo inchi kutoka ukingoni, funua, piga pasi, kisha piga stichi moja juu, karibu na zipu, ili bitana isije ikang'atwa na meno. Rudia upande wa pili. Hapo utaona kitu kama kipepeo, kanga upande mmoja, bitana upande mwingine.

Sasa fungua zipu nusu. Nasema tena, fungua zipu nusu. Ukiifunga na kushona pande zote, kipochi hakina mlango wa kugeuzia na utafumua. Kutanisha kanga na kanga, bitana na bitana, shona kuzunguka nusu inchi, ukiacha tundu la inchi 3 chini ya bitana. Punguza pembe bila kugusa uzi, kata zipu iliyozidi, geuza kupitia lile tundu, sukuma pembe kwa kalamu iliyofungwa, kisha ziba tundu kwa mkono. Noti ya elfu kumi italala humo bila kukunjwa.

Usimalize kimoja ndipo uanze kingine. Kata vyote, kisha zipu zote, kisha mizunguko yote. Mkono unazoea jambo moja na uzi haubadilishwi kila saa.

Shangazi yako mkubwa, vidole vyake unavijua. Mfungie utepe mnene kwenye kichwa cha zipu, ashike utepe asihangaike na kile kichuma. Yule rafiki yako anayeuza sokoni mfanyie kipana zaidi, inchi 11, na kamba ya pindo ya kuvaa mkononi, maana simu na hela za wateja vinakaa pamoja. Na mimi simpi mtu pochi tupu; hata sarafu ya mia mbili itatosha.

Nimetuma kwa basi la kesho asubuhi mita 5 za zipu, vichwa thelathini na paketi ya sindano. Namba ya kondakta nitakutumia. Hela usirudishe.

Halafu mama yako anaulizia doti yake ya buluu, ile ya Idi. Anasema mara ya mwisho aliiona mkononi mwako ukifunga mizigo. Mpigie wewe, mimi nimo kazini.

Baba yako