Mabadiliko ya kikao cha Jumamosi: tunamaliza Merlin

Ndugu wanakikundi, salamu kwenu nyote na familia zenu.

Jumamosi hii tutatazama sehemu ya 12 na ya 13 za msimu wa 5 za Merlin, tamthilia ya BBC (shirika la utangazaji la Uingereza) kuhusu kijana mchawi Merlin anayemtumikia Arthur, mfalme wa Camelot, huku akificha uchawi wake, kwa mkupuo mmoja, badala ya moja kila wiki kama tulivyopanga, kwa kuwa ni kisa kimoja kilichogawanywa mara mbili, ambacho BBC ilikirusha tarehe 22 na 24 Desemba 2012. Tutaanza saa 11 kamili jioni, nyumbani kwa katibu hapa Leicester. Mchango ni pauni 5 za chai na sambusa, na umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

Nimesoma maoni yenu yote kuhusu sehemu ya 11. Wengi mmemlaumu Arthur kwa hukumu ya kifo aliyompa Kara, mpenzi wa Mordred, nami sipingi, ila kinachoniumiza zaidi ni pale Mordred anapomfikia Morgana, mchawi adui wa Arthur, na kumwambia kwamba Emrys, yule mchawi wa utabiri anayemwogopa, ni Merlin. Joka lilimwonya Merlin kuhusu Mordred tangu msimu wa kwanza, na bado nilifurahi kwa dhati alipopokewa miongoni mwa mashujaa wa Camelot.

Kila mmoja alete utabiri wake kwa maandishi:
1. Je, Arthur ataijua siri ya Merlin, na kwa kinywa cha nani?
2. Camelot itabaki mikononi mwa nani?

Mliokwisha kuitazama, tafadhali msifichue lolote.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Jumatano usiku, akitaja idadi ya watoto atakaokuja nao.