Feni ya laptopu mliyoniuzia haiongezi kasi, na tatizo sio vumbi la Arua

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wenu wa Arua, Uganda, mwenye duka la kuchapa na kuprinti, hii ni mara ya tatu naandika ila sasa naandika Kiswahili moja kwa moja kwa makao makuu Nairobi, maana tawi lenu la Kampala kila nikieleza najibiwa neno moja tu, vumbi.

Laptopu nilinunua mwezi wa pili mwaka huu kwa shilingi za Uganda 1,450,000, waranti ya miezi 12, risiti ninayo. Prosesa ni i5-8250U. Wiki tatu za kwanza ilifanya kazi vizuri kabisa, siwezi kusema uongo. Baadaye ikaanza kuwa moto juu ya kibodi upande wa kushoto mpaka unatoa vidole, halafu inakuwa nzito, unabonyeza herufi inakuja baadaye sana, halafu inazima yenyewe na kazi yote ambayo haijaseiviwa inapotea. Mkasema ni joto la huku kwetu. Sawa, mwezi wa tatu Arua ni joto, hilo nakubali, nikasubiri mvua zianze, hewa ikapoa, laptopu ikaendelea kuzima vile vile.

Nikapanda basi la usiku mpaka Kampala. Fundi wenu akaifungua mbele yangu, akapuliza, akapaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikalipa 60,000 ingawa iko kwenye waranti, kisa mnasema usafishaji hauhesabiki. Na kweli kusafisha kulisaidia kidogo, ikiwa imekaa tu joto lilishuka toka digrii 58 mpaka 46. Lakini nikifungua kazi yenyewe, mafaili matatu ya Word, skana na PDF moja kubwa, inapanda tena na kuzima. Nikarudi mara ya pili, vumbi tena, 60,000 tena. Jamani, wiki tano tu toka muisafishe, hilo vumbi liliingia saa ngapi?

Ndio nikaamua kupima mwenyewe. Niliweka programu ya HWiNFO inayoonyesha joto na kasi ya feni, nikakaa nayo usiku na daftari. Joto digrii 46, feni mizunguko 2,400 kwa dakika. Joto 70, feni 2,400. Joto 88, feni 2,400. Joto 97, feni bado 2,400! Hapo ndipo prosesa inaanza kujiokoa, kasi yake inashuka toka gigahezi 3 mpaka 0.8, na hiyo ndio ule uzito ninaowaambia kila siku. Mwisho wa prosesa hii ni digrii 100, joto likizidi hapo laptopu inazima ili isiungue. Kwa hiyo laptopu inajua kabisa kuwa ina joto, inalipima, inapunguza kasi ya kazi, lakini feni haiambiwi ikimbie.

Binamu yangu ana laptopu ya modeli hii hii, alinunua kwingine na waranti yake iliisha zamani. Tukaipima kwa kazi zile zile, juu ya meza ile ile, siku ile ile. Feni yake kwenye digrii 46 iko 2,400 kama yangu, lakini kwenye 70 inakuwa 3,300, kwenye 80 inapita 4,300, mwisho inashika 4,700 na joto linasimama 82, halipandi tena. Hii ya binamu imekula vumbi la Arua miaka miwili bila kufunguliwa hata siku moja.

Sasa sikilizeni hapa tafadhali, maana ndipo kesi yote ilipo. Fundi wa hapa mjini alibadilishana feni za hizi mashine mbili. Feni yangu ilipokaa kwenye laptopu ya binamu ilipanda mpaka 4,700 bila shida. Feni ya binamu ilipokaa kwenye yangu ikabaki 2,400 mpaka laptopu ikazima. Kwa hiyo feni ni nzima, na bomba la shaba linalobeba joto na pesti fundi wenu ameshayagusa mara mbili. Feni hii ina nyaya 4, mbili za umeme, moja inarudisha taarifa ya kasi na moja inaleta amri toka kwenye madabodi (ile bodi kuu ya laptopu), na fundi akanieleza kuwa waya wa amri ukikatika feni za namna hii kwa kawaida hukimbia kasi yote, hazibaki chini. Amri inafika, ila ni amri mbaya. Shida iko kwenye chipu ya madabodi inayoiongoza feni au kwenye bayosi (programu ya ndani ya madabodi inayoamka kabla ya Windows), na vyote viwili viko ndani ya waranti yenu.

Nilipowaeleza hivi kwa simu mkaniambia stika ya waranti imekatwa kwa hiyo waranti imekufa. Stika aliikata fundi wenu siku ya kwanza! Imeandikwa kwenye fomu yenu ya matengenezo, na saini yake iko pale, nimeambatisha picha. Hilo ndilo limeniumiza kuliko hata ile hela.

Ushauri wenu wote nimeufuata. Laptopu inakaa juu ya mbao, sio kitambaa. Nimenunua ile stendi yenye feni ya kuweka chini, 45,000, ikapunguza digrii 4 tu. Nimeshusha nguvu ya prosesa mpaka asilimia 99 kwenye mipangilio ya umeme ya Windows ili isiongeze kasi yenyewe, hapo kweli haizimi, inakaa kama 84, lakini imekuwa goigoi. Hiyo ni sawa na kumfunga mbuzi miguu, hujamtibu. Nililipia mashine nzima. Bayosi sijaigusa kwa sababu karatasi yenu ya waranti inakataza, na kwenye fomu zote mbili hakuna palipoandikwa kuwa mafundi wenu waliiangalia.

Wiki jana alikuja mama mmoja toka kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, amelipa nauli kuja mjini kuchapiwa barua ya mtoto wake ya kuomba nafasi ya shule. Nimefika ukurasa wa pili laptopu ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Nikamwambia mama samahani, nikampeleka duka la jirani, yeye ananiangalia tu. Sikulala vizuri siku hiyo.

Ninachotaka ni muweke bayosi upya mbele ya shahidi, kasi ya feni ipimwe chini ya kazi nzito na namba ziandikwe kwenye fomu. Ikibaki 2,400 mbadilishe madabodi au mnipe laptopu nyingine ya kiwango hicho hicho. Mnirudishie 120,000 za kusafisha kitu ambacho hakikuwa tatizo. Mjibu kwa maandishi ndani ya siku 14, sio kwa simu. Uganda kuna sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, bidhaa lazima ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na mimi niliwaambia dukani kabisa kuwa ni ya kuchapa kutwa nzima.

Nikiipakia kwenye basi la jioni inafika Kampala asubuhi. Niambieni tu nimwandikie nani kwenye kifurushi, na awe mtu atakayeipima kabla ya kuipuliza.

Mteja wenu,
Duka la kuchapa, Arua