Mchoraji? Mchoraji gani?

Mhariri,

Miaka kumi na mmoja nanunua gazeti lako na sijakuandikia hata mstari. Jumapili mmenishinda. Ile taarifa kuhusu msanii Wangechi Mutu, mliyoibana chini ya tangazo la magodoro, ilimwita "mchoraji wa Marekani mwenye asili ya Kenya". Asili gani? Amezaliwa Nairobi 1972 na karakana anayo hapa hapa, mbali na ile ya Brooklyn.

Halafu "mchoraji". Katika filamu yake Eat Cake ya 2012 amechuchumaa, kucha ndefu, anaibomoa keki ya chokoleti kwa vidole. Brashi iko wapi hapo? Mwaka 2019 aliketisha wanawake wanne wa shaba kwenye ukuta wa mbele wa makumbusho ya Metropolitan, New York, ndani ya vishubaka (Lamu wangesema zidaka) vilivyokuwa vitupu tangu 1902. Hao nao kawachora?

Nimefundisha sanaa shule ya msingi. Somo lilipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane, mwalimu mkuu alichukua chumba changu akakifanya stoo ya mahindi. Udongo wa kufinyangia ukatupwa nyuma ya choo. Siku ya kufunga shule, msichana wa darasa la saba alijifunga vipande vya gunia, akasimama mbele ya wazazi na karai tupu kichwani. Kimya. Walicheka, wakachoka kucheka, mama mmoja akaanza kufuta machozi kwa leso. Mwalimu mkuu akamwita baba wa msichana kando, akamshauri mtoto apelekwe kwa maombi! Mimi niliambiwa nisiwafundishe wazimu watoto wa watu. Leo msichana yule anauza laini za simu, na ni hodari kweli. Miaka baadaye nikaiona kwenye simu filamu The End of Carrying All, Wangechi akitembea nyikani na kikapu kichwani, mzigo ukizidi kukua hadi unamzidi. Niliizima simu.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, 2015. Mwaka ule ule banda la Kenya huko huko lilipangiwa wasanii wengi wao Wachina, hadi serikali yenyewe ikaona haya ikalikana. Hilo mliliandika kwa aya ngapi?

Ombi langu ni dogo. Mpeni mwandishi wenu karai, alijaze magazeti yaliyododa, ajitwike kutoka ofisini kwenu hadi Uhuru Park bila kusema neno. Akifika, aulizwe kama ni mchoraji.

Mwalimu mstaafu,
Nyeri