Barua kwa mwanangu: kaisari wa Aachen na usingizi wa mchana

Mama, hujambo? Huku tuko salama, bibi yako miguu inamsumbua kidogo ila anakula vizuri. Picha za kanisa la Aachen, huko huko Ujerumani, nimezipata, nimezikuza hadi macho yakauma. Ila nimesoma na ile meseji ya chini yake, eti ulikuwa na laptop kwenye begi na ukakaa hapo nje Jumapili yote unajibu imeili za ofisini. Jumapili mama! Ndo maana nimeamua kukuandikia, we ukisoma usinune.

Hiyo sehemu ya pembe nane uliyopiga picha kwa ndani alijenga Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi enzi hizo, yule aliyevishwa taji la kaisari kule Roma Krismasi ya mwaka 800. Sasa kama kuna mtu alikuwa na haki ya kusema hana muda ni huyo. Vita vyake na Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani, peke yake vilianza 772 vikaisha 804, hapo bado vita vya Italia, bado Hispania, bado Waavari wa upande wa Hungary, na simu hakuna, barua inabebwa na mtu juu ya farasi. Lakini Einhard, aliyeishi naye ikulu akaja kuandika maisha yake, anasema wakati wa kiangazi akishakula chakula cha mchana anakula matunda, anakunywa kikombe kimoja, halafu anavua nguo na viatu kabisa kama mtu anayeenda kulala usiku, anapiga usingizi masaa mawili matatu. Kaisari huyo! Siyo kujiegesha kwenye kochi simu mkononi ukisubiri bosi apige.

Na Aachen alipapendea chemchemi za maji moto, alikuwa mpenzi wa kuogelea kwelikweli, tena haogelei peke yake, anaita wanawe, wakubwa wa serikali, marafiki, mpaka walinzi, wakati mwingine majini wanafika mia na zaidi. Hapo ndo namkubali, maana nyie siku hizi mtu akipewa ofu anajifungia chumbani na siries, akitoka kachoka kuliko alivyoingia.

Sisemi alikuwa malaika. Usiku alikuwa anaamka mara nne tano, na asubuhi hata viatu hajamaliza kuvaa kesi zinaingizwa anahukumu hapo hapo, kwa hiyo kazi ilimfuata hadi chumbani kama inavyokufuata wewe. Madaktari wakamwambia aache nyama choma ale ya kuchemsha, akawachukia (hapo namwelewa, mama yako ameanza na mimi ligi hiyohiyo). Miaka minne ya mwisho homa zikawa haziishi, mguu mmoja unachechemea, na bado hasikii la daktari. Akafa tarehe 28 Januari 814, hapo hapo Aachen.

Kilichonikaa kichwani zaidi ni mambo ya watoto wake. Akiwa nyumbani hali bila wao, akisafiri anasafiri nao, vijana wanapanda farasi pembeni yake, mabinti wanafuata nyuma. Safi kabisa. Ila hao mabinti hakutaka waolewe, anasema hawezi kuishi bila wao, akawaweka tu nyumbani. Sasa huko ni kuwafanya watoto dawa ya uchovu wako, siyo mapenzi hayo. Mimi nilikuachia uende Ujerumani kwa moyo mmoja na sikukuachia ili uwe pensheni yangu, kwa hiyo kama hizo ovataimu unazipiga ili utume hela huku, basi mwezi huu usitume, mahindi yapo stoo, paa la jikoni litasubiri mvua zipite, na mdogo wako ada ameshalipiwa.

Ile swimming uliyosema iko jirani na kwako nenda, nenda na wale wenzako Wakenya, laptop iache nyumbani. Na hizo siku za likizo ambazo hujazigusa chukua, zimeandikwa kwenye mkataba, siyo fadhila ya mtu. Ukishapata tarehe nitumie mapema kwa sababu nauli za Desemba zinapanda vibaya, na mjomba wako anauliza akupokee KIA au unashukia Dar.

Baba yako.