Kwa binti ami yangu anayeuguza Langoni, Lamu: vya kusikiliza na kutazama usiku

Binti ami yangu,

Asalaam aleikum, na pole kwa kumuuguza mama. Uji, dawa na dua unaletewa na jirani. Mimi nakuletea nyimbo na picha, maana usiku wa kumkalia mgonjwa ni mrefu na simu ya mkononi ikiachwa ijiongoze yenyewe huishia kwenye habari za ajali.

Jambo kubwa ni hili: usimwekee mama kitu kipya. Mgonjwa husinzia, akazinduka, akasinzia tena. Hadithi asiyoijua humpotea kila anapofumba macho, kisha abaki akiuliza huyu ni nani na mbona analia. Anayoijua, hata akiikuta katikati, yuko nyumbani.

Anza na sauti kabla ya picha. Kwa mtu aliyekulia Amu, yaani Lamu, wa kwanza ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyepigia udi Mombasa na kuimba mashairi ya watunzi wa kwetu, akiwemo Sheikh Ahmed Nabhany wa Matondoni. Simchagui kwa sababu ya utani wa mji tu. Sikio la mtu mzima hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na fidla nyingi zikiungana na akodiani hufunika maneno. Sauti moja, udi na ngoma mbili tatu husikika hata ukipunguza kabisa. Ndiyo maana vikundi vikubwa vya taarab kama Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa 1905, na Culture Musical Club ningeviweka alasiri, dirisha likiwa wazi na mama ameketi.

Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, mpe kwa uangalifu. Lahani zake nyingi ni za picha za Kihindi, kwa hiyo mama ataanza kuguna nazo kabla ya maneno kuingia, na hilo ni zuri. Lakini nyimbo nyingi ni za kuachwa na kusalitiwa. Ala hutangulia, maneno yanayochoma huja baadaye, basi usihukumu wimbo kwa dakika yake ya kwanza. Usikilize mpaka mwisho wewe mwenyewe mchana, ndipo uuweke kwenye orodha ya usiku. Mipasho ya taarab ya kisasa jiwekee wewe unapoosha vyombo. Nayo ni dawa, ila si ya saa nane za usiku.

Ukichoka na nyimbo, msomee utenzi. Kila kipande kina mizani (silabi) nane, na ukisoma polepole pumzi ya msikilizaji huanza kufuata. Utendi wa Mwana Kupona ndio unaofaa zaidi, ila una mtego wake. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga 1858 akiwa mgonjwa, amwusie binti yake, na beti za mwanzo zinataja maradhi yaliyomshika mwaka mzima. Mama akiwa na hofu, ziruke hizo uanzie kwenye dua zilizoko sehemu ya mwisho. Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale, usiisome kabisa wakati huu. Ni bahari ya lugha, lakini yote ni majumba yaliyogeuka magofu na wenyewe wamo makaburini.

Kaswida za maulidi ya msikiti wa Riyadha, zile za mfungo sita (Rabiul Awwal), hazina haja ya kusifiwa kwako. Angalia tu rekodi yenyewe. Iliyochukuliwa kwa simu karibu na kipaza sauti huwa imepasuka, na tari hutoka kama mabati. Hiyo humwamsha mtu. Tafuta iliyorekodiwa ndani ya msikiti.

Picha sasa. Vioja Mahakamani na Vitimbi, vichekesho vya televisheni ya KBC ya Kenya, zinafaa kwa sababu kila kipindi hujimaliza chenyewe: akilala katikati hana deni. Mr. Bean ana vipindi 15 tu na maneno machache mno, kwa hiyo hakuna kusoma maandishi madogo chini ya kioo. Za Kihindi usizichague kwa jina la mwongozaji. Hrishikesh Mukherjee huyohuyo alitoa Gol Maal (1979), ya kijana anayemdanganya bosi apendaye masharubu kwamba ana ndugu pacha asiye nayo, na alitoa pia Anand (1971), ya mgonjwa wa saratani. Ya kwanza iweke leo. Mughal-e-Azam inapita saa tatu. Mkatie nyimbo zake peke yake. Watu watakusifia Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018), na sifa ni haki yake, lakini inahusu mtoto anayeugua ugonjwa usiopona. Isubiri.

Vyote vipakue mapema. Ukitazama moja kwa moja kwenye intaneti, tangazo litaingia katikati kwa kelele, au bando likate. Sauti ya kiwango cha 128 kbps hula karibu MB 1 kwa dakika, hivyo usiku mzima wenye urefu wa saa nane haufiki MB 500. Flashi ya televisheni iumbizwe (format) kwa mpangilio wa FAT32, na kila faili lisizidi GB 4, la sivyo halitaingia. Picha ikikataa huku sauti ikitoka, mara nyingi video imebanwa kwa mfumo wa H.265 ambao televisheni za zamani haziujui; tafuta iliyobanwa kwa H.264.

Spika usiiweke ndani ya kidaka, kile kishimo cha ukutani, hata kama ndipo panapopendeza. Kidaka hukuza besi na maneno huwa mvumo. Iweke juu ya kiti, kama mita mbili kutoka kitandani, ielekee pazia. Ichaji kabla ya magharibi: spika nyingi zikikaribia kuzimika hulia au hutamka kwa sauti kubwa, na umeme wetu unaujua. Simu iwe katika hali ya ndege, uchezaji wa kujiendeleza (autoplay) uzimwe, na kipima muda kiwe dakika 45. Kikizima naye bado macho, rudia orodha ileile, usiibadilishe.

Kuna kimoja hutakipata mtandaoni vizuri: nyimbo za vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, za enzi ya mama. Muulize asubuhi akiwa na nguvu, uandike majina. Kisha waombe wamama wawili watatu wa mtaani waje waimbe sebuleni, simu iwe mita moja mbele yao juu ya mto, si juu ya meza, maana meza hubeba mtikisiko wa kila kikombe. Pembe za vugo, zigongwazo kwa vijiti, wazipige nyuma ya waimbaji, mbali na simu, la sivyo zitameza maneno. Rekodi kila wimbo faili lake, uupe jina, na nakala moja unitumie.