Neema, kichwa chako ni kizima

Neema shoga yangu, za huko Sakina,

Meseji zako za usiku nimeziona nikasema hizi sijibu vipande vipande. Eti labda kweli akili yako haiko sawa kwa sababu mumeo kasema? Jamani. We si ndo ulikuwa unashika hesabu za kikoba chote kichwani?

Ile laki mbili unaikumbuka? Akakataa katakata hujampa, akaapa mpaka kwa mama yake, ukalia ukamwomba msamaha, kesho yake tumekaa Kiboriloni juu ya belo la mitumba tunafungua meseji za M-Pesa, jina lake hilo hapo, tarehe na saa. Na bado ukasema labda simu imekosea! Siku ile niliogopa shoga.

Unasema ana siku zake nzuri. Anazo, na ndo zinazokushika. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, B. F. Skinner, alijaribu kwa panya na njiwa, akaona mnyama anayebonyeza kitufe akapewa chakula bila mpangilio, mara apate mara akose, hata ukikikata kabisa anaendelea kubonyeza muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupata kila mara. Watu wa mikeka ya kubeti ndo hao hao. Mtu kanuna wiki nzima, hakusemeshi, akirudi na mishkaki unaona mbingu zimefunguka.

Kwa hiyo kummisi utammisi tu, ila kummisi sio sababu ya kurudi. Alichosema andika siku hiyohiyo kwenye daftari, ukianza kujitilia shaka soma. Mbloki. Kama lazima muongee sababu ya mtoto basi iwe ada na homa, akichomekea mengine usijibu. Akija kutishia mlangoni, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, usisubiri mpaka uvimbe jicho. Na mshauri wa saikolojia nenda, sio uchizi (mama atasema ukaombewe, kaombewe pia).

Wifi zako watapiga simu, eti vumilia, ndoa ndo zilivyo, wale wanatumwa. Na Desemba watu wakipanda Rombo usishangae akitokea kwenu na mbege na wazee, mpole kama kondoo, nakwambia mapema.

Jumamosi nakuja, nitashuka stendi kama saa nne, njoo na mtoto. Zile skrinshoti nitumie zote leo nizitunze huku, maana paswedi ya simu yako anaijua.

Wako wa Moshi