Barua kwa mwanangu: usiujaze wimbo wako

Mbeya, Jumapili jioni

Mwanangu Baraka,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshika na bibi yako hatoki nje kabla ya saa nne. Rekodi zako zimenifikia zote mbili: ile uliyojirekodi kwa simu chumbani kwako, na ile mliyoipiga studio na wenzako huko Nairobi. Umeniuliza nimeipenda ipi. Nimezisikiliza siku tatu ili nisikujibu kwa pupa. Nimeipenda ya chumbani.

Najua hutafurahi. Umeniandikia kwamba ile ni rahisi mno, kodi tatu tu za gitaa, yaani mibano mitatu ya nyuzi zinazolia pamoja, na kwamba watu watawaona hamjui kupiga. Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Unazikumbuka santuri za mjomba wako, zile tulizokukataza kuzigusa ulipokuwa mdogo? Alizileta alipokuwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, miaka ya mwanzo kabisa ya treni, akienda Kapiri Mposhi na kurudi. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Zambia wakati ule ilikuwa na vijana wengi waliolelewa kwenye miji ya migodi ya shaba, Kitwe, Ndola, Chingola, wakisikiliza roki ya Uingereza na Marekani redioni. Kisha Rais Kaunda, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa, akataka redio ipige muziki wa Wazambia kwa asilimia 95. Vijana wakaingia kazini. Wakachukua magitaa na kile kifaa cha mguu kinachoifanya sauti ikwaruze, wakaimba Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na muziki wao ukaja kuitwa Zamrock. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, nchi ikabanwa, na bendi nyingi zikazimika moja baada ya nyingine. Ndiyo maana marafiki zako hawazijui.

Katika santuri hizo kulikuwa na ya Amanaz, albamu yao Africa ya mwaka 1975. Ndani yake kuna wimbo uitwao "Khala My Friend". Mjomba wako alijifunza Kinyanja kidogo cha relini, akanieleza kwamba khala ni kaa. Nilishangaa sana. Wao wanasema njala, sisi njaa. Wao vala, sisi vaa. Wao khala, sisi kaa. Sisi tumeimeza tu ile L. Kwa hiyo nilikuwa mtoto wa Mbeya nisiyejua Kinyanja, lakini neno la kwanza la jina la wimbo lilikuwa langu. Kaa, rafiki yangu. Sijui hata mara ngapi niliirudisha sindano mwanzo.

Na ule wimbo hauna haraka, Baraka. Magitaa hayamfukuzi mwimbaji, yanatembea naye. Hakuna anayeonyesha vidole vyake vinavyoweza kukimbia. Nilipokuja kufundisha kwaya, nilikuwa naukumbuka kila waimbaji waliponiomba tuongeze sauti ya tano, tuweke vibwagizo, tupandishe ufunguo mwishoni. Umekulia kwenye mabenchi ya kwaya ile, unajua solfa kabla hujajua kusoma sawasawa. Unajua kwamba do, fa na so zinatosha kubeba nusu ya kitabu cha nyimbo. Hakuna mwumini aliyewahi kutoka kanisani akilalamika kwamba tenzi ina kodi chache.

Kuna na ile ya Ngozi Family, Day of Judgement, ya mwaka 1976. Ile ni kali, bibi yako alikuwa anaizima. Gitaa linakwaruza, besi na ngoma zinasukuma, na kipande kilekile kinarudi, kinarudi. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanarudia kwa sababu hawana kingine. Nilipokua nikasikia vizuri zaidi: kipande kikirudi mara ya nane, sikio limeshakizoea, na hapo mpiga ngoma akibadilisha kitu kidogo tu, mwili wote unashtuka. Kama kila mstari ungekuwa na jambo jipya, badiliko lile lisingesikika hata kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya wimbo mwepesi, na ndiyo inayoufanya uwe mgumu kuupiga. Kodi tatu hazina mahali pa kujificha. Ukichelewa nukta moja, kila mtu amesikia.

Wewe mwenyewe ulinithibitishia hilo mwaka jana uliponitumia albamu ya wale vijana wa Cardiff, Young Marble Giants, Colossal Youth ya 1980. Ulisema, "Mama, hawa wamepiga nusu tu ya wimbo, nusu nyingine wameiacha." Nilicheka kwa furaha, maana ulikuwa umesikia hasa. Hawana mpiga ngoma, wana mashine inayotikatika kwa mbali. Stuart Moxham anazibana nyuzi za gitaa kwa kiganja ili zisivume, besi ya ndugu yake Philip ndiyo inayobeba tuni, na Alison Statton anaimba kama mtu anayeongea na mwenzake huku akikunja nguo. Uliniambia pia kwamba Kurt Cobain aliipenda sana, yeye ambaye bendi yake ilitikisa viwanja. Kisha ukanitumia wimbo wa hao vijana wa Cardiff, "Credit in the Straight World", ulivyopigwa na bendi ya Hole ya Marekani mwaka 1994, kwa kelele na hasira. Nilizisikiliza zote mbili. Ile ya Hole ni nzuri, siikatai, inaujaza ukumbi. Lakini ile ya kwanza inanifanya nisogeze kichwa karibu na spika. Mtu anayenifanya nisogee amenishika kuliko anayenipigia ukelele.

Sasa nije kwenye wimbo wako. Ubeti wa pili, mahali unapovitaja viatu vya baba yako mlangoni. Kwenye rekodi ya chumbani unaacha kupiga. Nadhani hukupanga, nadhani pumzi ilikukatika. Kuna kimya, kiti kinalia, pikipiki inapita huko nje, halafu unaendelea kwa kodi ileile uliyoiacha. Mimi niliposikia kile kimya nilikaa kitandani. Viatu vile bado viko pale, sijaweza kuviondoa, na sikujua kama nawe ulikuwa unaviona.

Kwenye ile ya studio, mahali palepale, kuna kinanda. Kinapanda vizuri, aliyekipiga ana mkono mzuri na umwambie hivyo. Halafu gitaa la solo linaingia juu yake. Nimetafuta kile kimya mara tano sikukipata.

Sikuambii uwafukuze wenzako wala usijifunze zaidi. Jifunze kila kodi iliyopo duniani, nitalipa mwalimu nikiweza. Ninachokuomba ni sehemu ile moja tu. Mwombe mwenye kinanda akunje mikono pale, na wa solo asubiri. Kama mpiga ngoma hawezi kunyamaza, mwambie ni mama ameomba.

Santuri ya Amanaz nimempa binamu yako, anapanda basi Ijumaa. Nimeiweka katikati ya vitenge viwili ili isipinde. Vitenge ni vya mama mwenye nyumba wako, usisahau kumpa. Ina mkwaruzo upande wa pili, ni wangu, nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mjomba wako amekubali ikae kwako. Mkishaurekodi upya, nitumie hata kama ni usiku.

Mama yako